Muda wa raundi nzima haukufundishi kitu, ukate vipande

Asalaam alaykum jamani. Walioko mlangoni ingieni, viti vipo huku mbele. Mie nnaanzia palepale nnapoanzia siku zote, na nyie mlionisikia Wete na mlionisikia Mkoani mnajua nnachokuja kusema, mnivumilie tu nikirudie kwa sababu bado hamjakifanya.

Mtu anatoka kuendesha pikipiki kiwanjani, anakuja kwangu jioni kifua mbele, "Ami, leo raundi nimepiga sekunde 61.8." Vizuri. Namuuliza umeipata kona gani na umeipoteza kona gani? Kimya. Anarudia tena 61.8, kama vile mie sikusikia mara ya kwanza. Sasa hiyo 61.8 itakufaa nini kesho? Inakwambia umechelewa au umewahi, basi, haikwambii wapi. Sisi hapa Pemba hakuna mtu anauza karafuu kwa kukisia kwa jicho, mtu anapanda mkarafuu, anachuma, anaanika siku ngapi, halafu akifika kituoni anasimama mbele ya mizani anatazama kila gramu. Mtu huyohuyo akipanda pikipiki sekunde zake anazikisia. Kwa nini?

Ntakupeni kisa cha mtoto wa dada yangu, najua wengine mshakisikia, lakini kila nikikisimulia kuna mtu mmoja anakifahamu siku hiyo na huyo mmoja mie namtaka.

Kiwanja chetu mnakijua, kile cha kifusi kilichoshindiliwa. Raundi moja kama mita 900, kona sita, tumeweka koni na mapolo ya mchanga. Tumekigawa vipande vinne na kila kipande kina jina lake, Mstarini, Kisikini, Ukutani, Mwembeni. Kijana alikuwa na vijifedha vyake vya msimu wa karafuu, laki mbili na kitu, kaenda kununua eksozi, bomba la moshi la pikipiki. Ikafungwa, pikipiki ikawa inasikika toka barabarani, wenzake wote wamemzunguka wanashangilia. Kabla ya eksozi bora yake ilikuwa 61.9. Kaingia na eksozi mpya kapiga raundi kumi na mbili, bora yake 61.8. "Mjomba, imepanda!"

Nikamwambia kaa chini. Tukakaa chini ya mwembe, laptop nimeiweka magotini, nikamfungulia raundi zake zote kumi na mbili vipande kwa vipande, kama zilivyoandikwa na kile kifaa cha GPS tunachokifunga kwenye pikipiki, kinachojua ulipo kwa satelaiti. Ile 61.8 ilikuwa hivi, Mstarini 14.2, Kisikini 17.9, Ukutani 13.4, Mwembeni 16.3. Halafu nikamtolea bora ya kila kipande kwa siku nzima, haidhuru imetoka raundi gani, 14.0, 16.6, 13.3, 16.2. Nikamwambia jumlisha. Kajumlisha kwenye simu, 60.1. Kajumlisha tena. Sekunde 1.7 zote hizo alikuwa nazo mwenyewe siku hiyohiyo, matairi hayohayo, mafuta hayohayo, na katika hizo 1.7 sekunde 1.3 ziko Kisikini peke yake. Vipande vyengine vyote tofauti yake ni moja mbili ya kumi. Basi ugonjwa uko sehemu moja, hauko kwenye eksozi.

Sasa ile 16.6 ya Kisikini imetoka raundi gani? Ya nane. Na hapa ndo nnataka mnisikilize. Raundi ya nane kijana alipopita mbele yetu alitupungia mkono, maana yake ile msiihesabu. Alipotoka kasema mwenyewe, "Ya nane nilipoa mjomba, nlikuwa nshachoka, nikaingia pole pole nikawa natazama kule mbele tu." Akaona keshaiharibu, kipande cha tatu na cha nne akaendesha ovyo, 14.1 na 17.4, raundi nzima ikatoka 62.4. Ungetazama muda wa raundi ungeitupa hiyo raundi. Na ndani yake kulikuwa na kona bora aliyopiga maisha yake yote, na yeye mwenyewe moyo wake ulimwambia ile ilikuwa mbaya!

Tukafungua grafu ya mwendo. Raundi nyengine zote anakuja kisikini kwa papara, anafunga breki kwa nguvu, mwendo unashuka mpaka kilomita 27 kwa saa, halafu mstari wa grafu unalala. Umelala hivi, kama bahari ya kusi ikipoa. Nikamuuliza hapa ulikuwa unafanya nini? Kafikiri kasema sijui. Nikamwambia hapa ulikuwa hushiki breki wala huvuti mafuta, unaelea, unangoja pikipiki ikae sawa ndo uvute. Sekunde moja na nusu unaelea. Raundi ya nane kashika breki mapema kidogo kwa utaratibu, mwendo wa chini kabisa 34, na pale mstari wa grafu haulali, unashuka unapanda kama herufi V, kavuta mafuta mapema kwa sababu macho yake yalikuwa yanatazama anakotoka. Katoka kwenye kona na kilomita 8 kwa saa zaidi, na mwendo ukitoka nao kwenye kona unakwenda nao njia nzima mpaka breki ya pili.

Na eksozi je? Mwisho wa mstari mrefu alikuwa anafika 74 sasa anafika 76. Mstari una mita 150. Hata kama angekuwa na hiyo 76 toka mwanzo wa mstari mpaka mwisho, na hawezi, faida yake ni sekunde 0.19. Laki mbili na kitu kwa chini ya sekunde 0.19, na kona moja bila hata shilingi ni 1.3. Kijana katazama chini, mie sikumcheka wala nyie msimcheke, kila mmoja hapa ana kitu kama hicho kakinunua.

Wiki tatu tukafanya kazi Kisikini tu. Raundi nzima hatukuifukuzia. Alama ya breki tuliweka tairi bovu pembeni, akifika tairi anashika, halafu tukalisogeza hatua moja moja. Siku ya nne raundi ikatoka 60.6 na kasema hakuona kama amekwenda mbio. Ndo nnachosema, mwili unadanganya, ukiona unatetemeka na mchanga unaruka unadhani unakwenda mbio, kumbe unapoteza.

Kuna mtu hapo nyuma namuona anatikisa kichwa, najua atasema mabingwa wanazaliwa, Rossi yule bingwa wa dunia wa pikipiki hakuhitaji laptop. Yakhe, Rossi nyuma yake kulikuwa na watu wanakaa usiku wanasoma data yake kila kona! Na tena nyie mnaosema sehemu ya sekunde si kitu, kwenye mbio za ubingwa wa dunia, Estoril kule Ureno mwaka 2006, Toni Elías alimpita Valentino Rossi kwa sekunde 0.002. Si mbili ya kumi, mbili ya elfu. Pikipiki ikiwa kwenye kilomita 200 kwa saa hiyo ni sentimita 11, upana wa kiganja. Wa kwanza anapata pointi 25 wa pili 20. Mwisho wa msimu Nicky Hayden kachukua ubingwa kwa pointi 252, Rossi 247. Tano! Angezipata zile tano Estoril wangelingana, na wakilingana anatazamwa nani kashinda mbio nyingi, na huyo alikuwa Rossi. Ubingwa wa dunia umekwenda kwa kiganja. Sasa wewe sekunde 1.3 yako unaiacha kisikini unasema si kitu.

Mwengine atasema hatuna uwanja wa mbio, Unguja hamna Pemba hamna, basi tutapimana wapi kama si barabarani usiku? Hili ndo linaloniuma na nyote mnajua kwa nini, barabara ya Chake Wete tumezika watoto wetu. Sitawataja, mama zao wengine wako karibu na hapa. Mtu akikimbizana na mwenziwe ubavu kwa ubavu usiku, kuna gari ya ng'ombe haina taa, kuna mtu anatoka msikitini. Taima, yaani kifaa cha kupima muda, inakuondolea haja ya mwenzio kuwa ubavuni! Unakimbia peke yako, saa inahukumu. Wajapani wana mchezo wao wanauita moto gymkhana, wanapanga koni kwenye kiwanja cha lami kama cha kuegeshea magari, anaingia mmoja mmoja, anashindana na saa, pikipiki za kawaida kabisa za kuendea kazini, mwendo si mkubwa ila kona nyingi, na watu wake wanajua kuendesha pikipiki kuliko yeyote hapa, mie nikiwemo. Koni ukikosa chukua madumu.

Halafu kuna wale wa Isle of Man, kisiwa cha karibu na Uingereza chenye mbio za pikipiki. Kila mara lazima mmoja aniambie, mbona kile nacho ni kisiwa kama chetu na wanakimbia barabarani. Naam, wanakimbia toka 1907, njia yao ya milimani ina kilomita 60 na kitu, kama utoke mjini Unguja ufike Nungwi, na wao pia wanakimbia na saa, wanaachiwa mmoja mmoja kila baada ya sekunde 10. Lakini barabara inafungwa kisheria, hapiti mtu hapiti mbuzi, kuna madaktari na helikopta, na pamoja na yote hayo waliokufa kwenye njia ile ni zaidi ya 260. Hao ni watu waliojitayarisha. Msiniletee tena mfano huo.

Haya vifaa, muda unakwenda. Saa ya mkono ni bora kuliko kukisia lakini kidole cha mtu kinachelewa kama mbili ya kumi hivi, na pale Kisikini huwezi kupima kwa kidole. Simu mnazo nyote. Kwa kawaida GPS ya simu inaandika mahali ulipo mara moja kwa sekunde, sasa fanya hesabu, ukiwa kwenye kilomita 72 kwa saa unakwenda mita 20 kila sekunde, kwa hivyo simu inakuona hapa halafu inakuona mita 20 mbele, kona nzima imepita haikuiona. Kifaa cha GPS cha mara 10 kwa sekunde kinakuona kila mita 2, cha mara 25 kila sentimita 80. Ndo maana nasema mchange watu watano sita mnunue kimoja, mnapokezana, kinafungwa kwa velkro dakika moja. Simu itumieni kwa muda wa raundi na vipande virefu tu, msije mkabishana kwa grafu ya simu nani kapita ndani zaidi, GPS yenyewe inakosea mita kadhaa. Ila mwendo inausoma vizuri kuliko inavyosoma mahali, kwa hiyo grafu ya mwendo ndo ya kuamini. Na simu iwe mfuko wa kifuani, msiifunge kwenye usukani, mtetemo wa injini unaweza kuharibu kamera, Apple wenyewe wanaotengeneza iPhone walitoa onyo hilo mwaka 2021.

Mstari wa kuanzia, hili muhimu, msiuweke kwenye kona ya pole pole kwa sababu pana kivuli pa kukaa. GPS ikikosea mita 2 mahali unapokwenda mita 20 kwa sekunde kosa ni 0.1, mahali unapokwenda mita 5 kwa sekunde kosa ni 0.4, unaona? Uwekeni kwenye mwendo mkubwa, na vipande vyote vikatwe kwenye mistari iliyonyooka, msikate katikati ya kona, ukikata katikati mtu anaingia kama mwendawazimu anapata kipande kizuri halafu anakilipia kipande cha pili, na ile jumla ya vipande bora inakuwa ya uongo. Na chini ya minazi na mikarafuu iliyofunga GPS haioni mbingu vizuri, nyie wa Konde mnanifahamu.

Nlitaka kusema juu ya presha ya matairi na sproketi, lile gurudumu la meno la cheni, ila naona saa inakimbia na adhana imekaribia. Kwa ufupi, presha pimeni tairi likiwa baridi kabla hamjaanza, andikeni, na badilisheni kitu kimoja kwa siku. Ukibadilisha sproketi na presha pamoja na ukawa umelala vizuri usiku ule, hujui kipi kimekufaa. Daftari la skuli linatosha, tarehe, presha, upepo, mchanga mkavu au umenyeshewa, vipande vinne, na mstari mmoja ulivyojiona mwenyewe kabla hujaangalia taima. Huo mstari wa mwisho msiuache, kule ndo utakuja kuona "nilipoa" imeandikwa ubavuni mwa 16.6.

Kulaza pikipiki kwenye kona kwa digrii ngapi, ulizeni siku nyengine.

Jumamosi baada ya alfajiri tuko kiwanjani, kifaa kimoja tunacho, mtoto wa dada yangu atakuwa anakifunga. Kila mtu raundi nane. Asiyekuja na helmeti hapandi, hata awe mwanangu. Na aje na kalamu.