Msiniombe Kipande cha Mpungate

Ndugu zangu wa Dar es Salaam, tangu niwaonyeshe maua ya mipungate, ile mimea ya jangwani yenye miiba, iliyo nyuma ya nyumba yangu hapa Tucson, Arizona, swali limekuwa lile lile: "Dada, mbona hututumii kipande tukapande uani?" Wapo watakaosema ninaringa, na wapo watakaosema ninalalamika huku ninakula dola; semeni, ila nisikilizeni kwanza.

Mwezi Aprili, wakati barabara ya Jangwani ya kwenu inafungwa kwa maji ya mto Msimbazi, jangwa la Sonora la huku ndipo linapoanza kuchanua. Ua la mpungate la manjano hufunguka asubuhi, na aghalabu halivuki siku ya pili kabla ya kugeuka rangi ya chungwa na kunyauka. Leo nimemtazama nyuki akizama katikati yake, na zile nyuzi zenye chavua zikamkunjia kama vidole, kwa kuwa hujikunja zinapoguswa, hata chai yangu ikapoa.

Sasa karatasi. Kung'oa mpungate wa asili jangwani kunahitaji ruhusa ya mwenye ardhi na kibali cha jimbo, na hata huu wa uani kwangu haupandi ndege bila cheti cha afya ya mimea cha huku na kibali cha kuingiza mimea cha huko nyumbani. Mwaka juzi nilijaribu kihalali ili kumfurahisha shangazi: nikatumia dola 140, nikapoteza siku mbili za kazi bila malipo, kisha fomu ikarudishwa kwa sababu ya herufi moja katika jina la kisayansi. Shangazi bado anawaambia watu wa Temeke kwamba nimekuwa bahili. Hilo linaniuma kuliko vile vimiiba vyembamba kama nywele, ambavyo vilikaa kidoleni mwangu wiki nzima.

Mimi binafsi, hata kibali kingetoka leo, nisingetuma. Kule Laikipia, Kenya, mipungate ya kigeni imevamia malisho, na mifugo inayokula matunda yake huumizwa midomo na matumbo. Kipande kimoja kikidondoka chini huota mizizi. Huo ni uamuzi wangu, na mwingine aliye huku huenda akawa na bahati tofauti na fomu zake.

Kesho nitawasha kamera saa nne asubuhi ya huku, ambayo kwenu ni saa mbili usiku, kwani upande wa jikoni kuna vitumba saba. Shangazi, shikamoo, cha pili kutoka kushoto ni chako, ila kitafungukia huku huku.