Ni Kebo au ni Amri?

Ndugu zangu, asanteni kwa kuja. Nianze na Juni 25, 2024, siku waandamanaji walipoingia bungeni Nairobi kupinga Mswada wa Fedha. Jana yake Mamlaka ya Mawasiliano ya Kenya ilikuwa imetamka kwamba haina nia ya kuzima intaneti. Siku yenyewe intaneti ikashuka, na Safaricom ikaeleza kuwa kebo mbili za baharini zimepata hitilafu. Aliyeko barabarani na simu mkononi atajuaje kama ni kebo au ni amri?

Kebo ikikatika haichagui. Barua pepe, benki, magazeti, vyote huzorota pamoja. Kufungia mtandao mmoja kuna alama zake. Simu kwanza huuliza anwani ya tovuti, jibu linakuja. Inaomba kuunganishwa na seva, yaani kompyuta inayohifadhi tovuti hiyo, inakubaliwa. Halafu inataja jina, tuseme x.com, na papo hapo mawasiliano yanakatwa, au panakuwa kimya mpaka muda unakwisha. Taja jina jingine, linapita. OONI Probe, programu ya simu ya kupima kama tovuti zimefungiwa, huandika kila hatua, pamoja na saa na kampuni ya simu, kisha hulinganisha na kipimo cha wakati huo huo kutoka seva iliyo nje.

Uganda ilipitia kufungiwa mitandao na kuzimiwa intaneti nzima. Januari 12, 2021 mitandao ya kijamii ilifungiwa. Usiku wa tarehe 13, mkesha wa uchaguzi, intaneti nzima ikazimwa hadi tarehe 18. Siku kama hizo programu ya simuni haina cha kulinganisha wala pa kutuma majibu. Hapo wanasaidia wanaotazama kutoka nje, kama mradi wa IODA, wanaoona mitandao ya nchi ikiacha kuitikia.

Linaloniuma ni hili: tunaanza kupima mambo yakishaharibika. Kipimo cha siku ya maandamano pekee, wakili wa serikali atakipangua mahakamani kwa swali moja: wiki iliyopita tovuti hiyo ilikuwa inafunguka? Na kizuizi kikishaondolewa, hakuna wa kurudi kukipima.

Tanzania kuna mtego mwingine. Tangu mtandao wa X, zamani Twitter, ulipofungiwa Mei 2025, wengi wanaishi na VPN, programu inayopitisha mawasiliano yako kwenye seva ya nchi nyingine, hata wanasahau kuwa imewashwa. Ukipima hivyo, unapima intaneti ya Uholanzi au kokote iliko seva ile, na majibu yatasema kila kitu shwari. Basi izimeni, mpime kwa laini za kampuni zote mlizonazo, kuanzia wiki hii tulivu. Mjue pia kwamba kampuni ya simu inaweza kuona mnachopima. Asiye na amani na hilo asilazimishwe na mtu.

Nani alitoa amri, kipimo hakisemi. Uganda hilo lilijulikana kwa barua ya mdhibiti wa mawasiliano kwenda kwa kampuni za simu, iliyofika mikononi mwa wanahabari. Barua ya namna hiyo ikiwekwa pamoja na vipimo vyenye saa na majina ya kampuni, mahakama inapata kitu cha kushika.