Mishale Ambayo Hakuna Aliyeiona

Ndugu wasikilizaji, tazameni ramani hii. Juu ya kiini cha nje cha Dunia, kilomita 2,900 hivi chini ya miguu yetu, mishale inaonyesha chuma kioevu kinakokwenda. Hakuna aliyeuona hata mmoja! Tunachopima ni uga wa sumaku, yaani nguvu ya sumaku ya Dunia, huku juu, kwa vituo vya ardhini na setilaiti za Swarm zilizorushwa mwaka 2013. Mishale tunaikisia.

Tunakisiaje? Chuma kile hupitisha umeme vizuri, kwa hiyo katika miaka michache mtiririko huikokota mistari ya sumaku kama mto unavyokokota majani makavu. Wanasayansi Roberts na Scott walilieleza hilo mwaka 1965. Hapa nitakaa, maana kila mwaka nalisema na kila mwaka linarukwa. Majani yakijipanga mstari mrefu, yote yakifanana, na maji yakafuata mstari huohuo, jani likiondoka jingine linashika nafasi yake. Aliye ukingoni ataapa kwamba mto umetulia. Ndivyo ilivyo kwa uga: mwanasayansi Backus alithibitisha mwaka 1968 kwamba mitiririko mingi tofauti huleta badiliko lilelile la uga. Basi kila mchoraji huongeza sharti lake: huyu anasema mtiririko haubadiliki kwa miaka kadhaa, yule anasema unatawaliwa na mzunguko wa Dunia. Badili sharti, na mishale mingi inageuka.

Sisemi yote ni bure. Mkondo wa kwenda magharibi chini ya Atlantiki hujitokeza karibu kwa kila sharti, na huo nauamini. Mwanaastronomia Halley aliandika juu ya uga kusogea magharibi tangu 1692.

Najua mtaniuliza: si kuna kompyuta kuu? Zipo. Glatzmaier na Roberts yuleyule walipata mwaka 1995 modeli ya kompyuta iliyogeuza ncha zake za sumaku yenyewe, na ile ni kazi kubwa. Lakini chuma cha kiini huenda hutiririka kwa wepesi karibu kama maji, na hakuna kompyuta inayoweza kufuata vijizunguko vyake vyote. Kwa hiyo katika modeli tunakifanya kizito kutiririka, ukilinganisha na kasi ya mzunguko wa Dunia, mamilioni ya mara kupita kilivyo. Kompyuta kubwa zaidi itapunguza pengo hilo, lakini yale majani haitayatofautisha.

Muda umekwisha. Mshtuko wa uga wa 1969, lile badiliko la ghafla, na ncha ya sumaku ya kaskazini inayokimbilia Siberia sitavigusa. Ombi langu ni hili: mkichapa ramani ya mishale, andikeni sharti pembeni yake, kisha chapeni ya pili yenye sharti jingine, ukurasa uleule.