Tufanye Pamoja Maswali ya Kiingereza Kidato cha Nne: Sarufi na Fasihi

Habari zenu wadogo zangu, karibuni tena ubaoni. Chukua daftari na kalamu ya wino. Penseli weka pembeni, mimi siipendi kwa mazoezi, kwa sababu ukifuta kosa huwezi tena kuliona. Na kama umejilaza na simu, inuka ukae mezani. Leo tunaandika.

Tunaanza na yale maswali ya kuandika upya sentensi kwa kufuata maelekezo. La kwanza: "Juma broke the window." Geuza kauli. "The window was broken by Juma." Hilo mnalijua, twende. "Since" na "for": "since" inataka muda ulipoanzia, "since 2015", "for" inataka urefu wa muda, "for two weeks". Twende.

Sasa hapa simama. Video yote nimeirekodi kwa ajili ya hili moja. Sentensi ni: "As soon as the bell rang, the students ran out." Unaambiwa uanze na "No sooner".

Usikimbilie kuandika jibu. Andika kwanza "No sooner", halafu papo hapo, kabla hujamtaja mtenda, andika "had". Umeandika? "No sooner had..." Sasa ndiyo unaleta kengele: "No sooner had the bell..." Ukiandika "No sooner the bell had", umeshaharibu.

Subirini, mwanga wa dirishani unapiga ubao, naona maneno ya upande wa kulia hayasomeki. Navuta pazia. Haya, sasa yanaonekana? Naandika tena kwa herufi kubwa.

Baada ya "had", kitenzi kinakuja katika umbo la tatu. Ring, rang, rung. Kwa hiyo ni "rung", siyo "rang". "No sooner had the bell rung..." Kisha unganisha kwa "than". Narudia: "than". Siyo "when". "When" ni ya "Hardly", na watu wanazichanganya hizi mbili kila siku. "No sooner" na "than", "Hardly" na "when". Yaandike hayo pembeni ya ukurasa uyazungushie duara.

Malizia: "...than the students ran out." Upande huu wa pili kitenzi kinabaki "ran", usikipelekee "had" nyingine. Jibu zima: "No sooner had the bell rung than the students ran out." Simamisha video, lifunike kwa mkono, uliandike bila kuchungulia. Ukikosea hata neno moja, andika upya lote. Angalia tena ile "than", tafadhali.

Fasihi sasa. Nimechagua tamthilia ya Ngugi wa Thiong'o, The Black Hermit. Imekaa muda mrefu kwenye orodha ya vitabu vyetu vya sekondari, na mimi naipenda mno. Ilichezwa Kampala mwaka 1962, Uganda ikisherehekea uhuru, na ukiisoma leo ukabila unaosemwa mle unaujua.

Swali langu: "How does tradition destroy people's happiness in the play?" Pigia mstari "how" na "destroy happiness". Hujaulizwa hadithi. Ukianza na "Remi was a young man who went to university" ukaendelea mpaka mwisho wa mchezo, umejaza kurasa na swali bado halijajibiwa.

Aya moja ina kazi tatu. Toa hoja: "Custom forces Remi to marry Thoni, his dead brother's widow." Leta ushahidi kutoka kitabuni: "He runs away to the city and leaves her alone in the village. When he returns and rejects her, she kills herself." Kisha rudi kwenye swali, na hapa ndipo wengi wanapokata aya mapema: "The custom that should protect a widow destroys her." Mmeiona ile "destroy" ya swali imerudi? Msahihishaji hahitaji kuitafuta hoja yako.

Wengi wanaandika juu ya Remi na siasa tu. Mimi namtazama Thoni. Yeye anampenda Remi, na Remi anakuja kulijua hilo kwa barua, akiwa amechelewa. Ukimweka Thoni kwenye jibu lako, una ushahidi wenye uzito.

Halafu tazama vitenzi vyangu: "forces", "runs", "leaves", "rejects". Ukieleza matukio ya kitabu, tumia wakati uliopo, aya nzima. Ukianza na "runs" usimalizie na "rejected". Sarufi ya dakika tano zilizopita haijaisha, imehamia kwenye insha.

Kazi yenu: "As soon as the rain stopped, the farmers began to plant." Anza na "Hardly". Kisha andika aya moja juu ya Nyobi, mama yake Remi, kwa swali lilelile. Wekeni hapo chini, kila mmoja kwa maneno yake, nami nitasahihisha. Na kwenye "Hardly", tazama vizuri neno la kuunganishia kabla hujatuma.