Fito Zilizo Darini: Nyumba ya Wajerumani wa Maryland

Ndugu mafundi, na nyie wanafunzi mliobanana kule nyuma, karibuni. Leo nawapeleka mbali, Frederick, jimbo la Maryland, Marekani. Kuna nyumba ya mawe inaitwa Schifferstadt. Ilijengwa mwaka 1758 na familia ya Brunner, wahamiaji wa Kijerumani, Maryland ingali koloni la Mwingereza. Jina ni la kijiji walichotoka.

Wageni wengi hushangaa unene wa kuta. Mimi nawaomba mtazame juu. Katikati ya boriti za mwaloni zimepachikwa fito, kila ufito umeviringishiwa majani makavu yaliyokandwa na udongo, zikabanwa ubavu kwa ubavu ili joto lisitoroke. Mwonyesheni fundi wa nyumba za udongo wa hapa kwetu. Hatauliza ni kitu gani. Atauliza nani aliukanyaga ule udongo.

Halafu kuna jiko la chuma, limeandikwa 1756. Ukiwa chumbani unatafuta mlango wake huuoni. Moto unalishwa kutoka upande wa pili wa ukuta, kwenye meko, na moshi unarudi hukohuko. Huku wanapika, kule wazee wanaota joto, na hakuna anayekohoa.

Mwaka 1974 taasisi ya Frederick County Landmarks Foundation iliinunua nyumba hiyo, ikaponea chupuchupu kubomolewa. Sasa ni makumbusho, lakini hawakuishindilia samani, nyumba yenyewe ndiyo maonyesho. Nawaunga mkono, ingawa najua kuna watu wasiolala bila kuweka sanamu ya bibi aliyevaa kofia.

Maana makumbusho hai, yale yanayoonyesha maisha ya kale kwa vitendo, si mavazi ya zamani. Kipande cha dari kikianguka kesho, yupo wa kuviringisha ufito mwingine? Hapo ndipo penye uhai. Sisi wa pwani tuna kuta za mawe ya matumbawe na chokaa, lakini ufa ukitokea, fundi anakuja na mfuko wa saruji begani. Saruji haipumui. Unyevu unabaki ndani, chumvi inasukuma, lipu inabanduka mabamba kwa mabamba, na mwenye nyumba analaumu mawe. Chokaa inataka kulowekwa muda mrefu, na mwenye kazi anataka amalize kabla ya Ijumaa.

Nimesema vya kutosha. Udongo umelowekwa tangu jana, fito ziko kivulini, majani yapo kwenye lile turubai. Vueni viatu, twendeni uani.