Jiwe la Amboni na Tabia Zake

Shikamooni wazee wangu. Na ninyi vijana, hamjambo?

Nimekuja kuzungumzia kalisaiti, madini ambayo ndiyo mwili wa mawe ya chokaa ya Amboni, yale mapango ya karibu na Tanga. Wageni hupelekwa mapangoni wakasimuliwa mizimu na njia za siri, wakatoka bila kuambiwa neno kuhusu jiwe lenyewe. Naona ni hasara kubwa.

Kwanza, rangi isiwahadae. Kalisaiti safi haina rangi. Ikichanganyika na chuma kidogo tu, inakuwa ya njano au kahawia. Kwatzi, madini mengine yanayofanana nayo kwa macho, ikiwa safi haina rangi vilevile. Basi kwaruzeni. Katika kipimo cha Mjerumani Friedrich Mohs, cha ugumu wa 1 hadi 10, kalisaiti ni 3 na kwatzi ni 7. Kisu kinaichimba kalisaiti bila taabu. Kwenye kwatzi kisu kinateleza tu.

Sasa tazameni, nakigonga kipande hiki. Mmeona? Hakikusagika ovyo. Kimepasuka kwa nyuso laini zinazong'aa, na kila kipande kina umbo la kisanduku cha kiberiti kilichosukumwa kikainama upande. Nagonga tena: vimekuwa vidogo zaidi, umbo ni lilelile, pembe zake nyuzi 75 na 105 hivi. Atomu zenyewe zimepangwa hivyo, kwa hiyo jiwe halina njia nyingine nyepesi ya kupasukia.

Hiki kingine ni angavu. Nakiweka juu ya gazeti, na kila mstari unaonekana mara mbili. Nikikizungusha, nakala moja inatulia na ya pili inaizunguka. Mwanga ukiingia humu hugawanyika miale miwili yenye kasi tofauti. Rasmus Bartholin wa Denmark aliandika habari hii mwaka 1669, akitumia fuwele kutoka Iceland. Mimi kila nikiiona hushangaa upya.

Halafu kuna siki. Nakwaruza upate unga, nadondoshea tone: povu! Hiyo ni hewa ya ukaa inatoka. Mvua nayo huchukua hewa hiyo angani, na zaidi kwenye udongo, ikawa asidi dhaifu inayopenya nyufa na kulila jiwe taratibu. Ndivyo Amboni ilivyochimbika, katika miamba ya enzi ya Jura, zama za dinosaria. Maji hayohayo yakifika kwenye dari la pango, hewa ya ukaa inayatoka, nayo yanashindwa kuishikilia kalisaiti yote. Inaganda pale, tone kwa tone, mpaka nguzo zinaning'inia.

Wachoma chokaa wanaijua nusu ya habari hii kwa mikono yao. Tanuri likifika nyuzi 900 hivi za Selsiasi, kilo 100 za kalisaiti safi hubaki kilo 56 za chokaa. Kilo 44 zimepaa kama hewa. Nusu ya pili hutokea ukutani. Chokaa ikishatiwa maji na kupakwa, huvuta hewa ya ukaa tena, miaka kwa miaka, ikarudi kuwa kalisaiti. Nendeni kwenye magofu ya kale ya Tongoni, karibu na Tanga, mkaangalie kuta za matumbawe: ile chokaa iliyoyashika mawe imekwisha kuwa jiwe tena.

Vipande viko mezani. Karibuni mkwaruze wenyewe. Nyundo tupokezane, na macho tuyakinge.