Kobla ya cheri na moto wa juu

Shikamooni wakubwa zangu. Wadogo, habari za mchana.

Mwenyekiti wa kikundi aliponiomba nizungumzie kobla ya cheri, yaani cheri zilizofunikwa kwa madonge ya unga na kuokwa, nilicheka, maana cheri tunayoijua wengi hapa Dar ni ile nyekundu ya kupamba keki, iliyolowekwa kwenye sukari na kutiwa rangi mpaka ikasahau kwao. Cheri mbichi ina maji, ina uchachu, ina kokwa katikati. Mti wake hauzai bila baridi kali: lazima upitishe mamia ya saa chini ya nyuzi 7 hivi ndipo uchanue vizuri. Sisi usiku wa Julai tukifika nyuzi 18 tunatafuta shuka la pili. Kwa hiyo hizi mnazoziona zimepanda ndege, na bei yake sitaitaja mbele ya watoto.

Kobla ni chakula cha wahamiaji wa Marekani, kikavuma karne ya 19 watu walipokuwa wakihamia magharibi kwa magari ya kukokotwa na ng'ombe. Oveni wangeitoa wapi njiani? Walikuwa na chungu kizito cha chuma. Wakatia matunda, wakafunika kwa madonge ya unga, wakaweka makaa chini na mengine juu ya mfuniko. Naona mama pale nyuma anacheka. Ndiyo mama, kama mkate wa kumimina! Bibi zetu wa pwani hawakufundishwa na Mmarekani kupalia makaa juu. Ndiyo maana mtu akiniambia haoki kwa kukosa oveni, simwelewi.

Haya, cheri kilo moja. Weka cheri kwenye mdomo wa chupa ya soda, isukume kwa kijiti cha mishikaki, upande butu. Kokwa inadondokea chupani na gauni lako linapona. Kokwa msizitafune wala kuzisaga, ndani mna kitu kinachogeuka sumu zikipondwa. Wamarekani kwa kuokea wanapenda cheri chachu, zile zinazolimwa sana Michigan. Hizi ni tamu, kwa hiyo nakamulia ndimu nzima. Sukari nusu kikombe, wanga wa mahindi vijiko viwili vya chakula. Wanga, siyo sembe! Kuna mtu alinipikia uji wa cheri.

Bandika jikoni, koroga mpaka mchuzi uchemke, uwe mzito na ung'ae.

Sasa unga: ngano kikombe kimoja na nusu, sukari vijiko viwili vya chakula, beking pauda vijiko viwili vya chai, chumvi kidogo, siagi gramu 80. Siagi iwe ya baridi hasa. Kwa joto letu ukiishika dakika mbili imeshakuwa mafuta, kwa hiyo mimi huigandisha, kisha naikwaruza kwa kikwaruzo cha karoti. Vile vipande vikiyeyuka motoni vinaacha uwazi, mvuke unauinua unga. Mimina maziwa nusu kikombe, changanya kwa uma, uache. Usikande, hii siyo chapati.

Hapa nisikilizeni. Madonge yanawekwa juu ya matunda, na matunda yawe bado ya moto. Mara yangu ya kwanza niliacha matunda yapoe kwa sababu simu iliita, na shangazi anapopiga simu mnajua hakati. Kobla ikatoka kahawia juu, inapendeza. Wageni walipochota, chini unga mbichi unanata kwenye kijiko! Matunda ya moto hupika tumbo la donge wakati moto wa juu unapika mgongo. Na acheni nafasi kati ya donge na donge, mvuke upite.

Makaa: theluthi moja chini, mbili juu, maana sukari ya chini inaungua upesi. Wenye oveni, nyuzi 190. Dakika 40 hivi, na msifunue funue.

Swali la dada: cheri zikikosekana? Plamu za Lushoto zikifika sokoni, chukua. Ni ndugu wa cheri kabisa. Embe nalo linafaa, ila punguza sukari.

Ikiiva, iacheni nusu saa, mchuzi ushike. Haya, nani ana kibiriti?